Jiko la gesi la mtumba usilipost kabla hujaliwasha

Wauzaji wenzangu, leo naomba nigombane na nyinyi kidogo, kwa wema.

Kwenye magrupu yetu ya kuuza na kununua kuna posti haikosekani: "JIKO LA GESI LA MTUMBA KUTOKA UINGEREZA, PLETI NNE NA OVENI, GREDI A, SAFI KAMA JIPYA, WAHI." Picha tatu, jiko limepanguswa mpaka unaweza kujitazama uso. Mteja anauliza kwenye komenti, "Linawaka vizuri?" Jibu linakuja chap: "Linawaka boss, lete hela tu." Anauliza tena, "Umelijaribu kwa mtungi gani?" Hapo kimya. Na chini kabisa kuna ile sentensi yetu ya kujifichia: mali ikishauzwa hairudi.

Msimamo wangu ni huu. Jiko la gesi ambalo hujaliwasha wewe mwenyewe kwa gesi ya mtungi, ukautazama moto wake, ukapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote, halijawa bidhaa bado. Ni mzigo tu. Ukilipost likiwa hivyo unauza picha.

Najua nitajibiwa kwamba mtumba ni mtumba, mnunuzi anajua anachonunua. Kwa shati nakubali. Hata kwa simu nakubali: ikizingua, mteja anakutukana kwenye komenti, mnarudishiana nusu ya hela, maisha yanaendelea. Jiko la gesi linazingua saa kumi na moja alfajiri, mama yuko peke yake anachoma vitumbua vya wateja, watoto wamelala chumba cha pili na mlango umefungwa. Hapo "hairudi" yako haina maana yoyote.

Halafu kuna jambo moja tunalisahau. Wateja wengi wa sasa hawajawahi kumiliki jiko la gesi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imekuwa ikiuzwa vijijini kwa bei ya ruzuku kupitia REA. Maana yake mtu ametoka kwenye kuni na mkaa juzi. Ana mtungi wake mdogo, ameuzoea, sasa anataka pleti mbili au nne. Huyu hawezi kukukagua. Anayejua ni wewe, na kama na wewe hujui basi hakuna anayejua kati yenu wawili.

Sasa kwa nini nasisitiza gesi ya mtungi? Kwa sababu kusema "kule lilikotoka lilikuwa linatumika" inaweza kuwa kweli kabisa na bado jiko likawa bovu kwa mteja wako.

Sisi wa huku Kilwa neno gesi tunalisikia kuliko watu wengi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na tangu 2004 inatoka kisiwani kwa bomba, inatua hapa jirani Somanga, inapanda kwenda Dar kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Kwa hiyo ukimtajia mtu wa Kinjumbi gesi, kwake ni kitu kimoja. Si kimoja. Ile ya Songo Songo ni gesi asilia, karibu yote ni methani, na ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu. Hii ya kwenye mtungi ni propani na butani, inaletwa na meli kutoka nje, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye kona na chini ya kitanda. (Ndiyo, tunaishi jirani na bomba na tunapikia gesi iliyovuka bahari. Nyumba kadhaa za Dar, Mtwara na Lindi mjini zimeunganishwa na ile ya bomba, sisi wengine tunasubiri. Hiyo tutaisema siku nyingine.)

Uingereza na nchi nyingi za Ulaya watu wanapikia gesi asilia ya bomba. Jiko likitolewa kwenye nyumba ya huko, likapakiwa kontena, likashushwa Dar, vitundu vyake vya kutolea gesi bado ni vya gesi asilia. Gesi ya mtungi kwa ujazo ule ule ina nguvu mara mbili na nusu au zaidi, na inatoka kwenye regulata kwa presha kubwa zaidi. Ukiipitisha kwenye kitundu kilekile kikubwa, moto unaruka, unakuwa wa njano, unazunguka sufuria mpaka kwenye mkono wa mpishi. Mteja siku ya kwanza anafurahi, anakuandikia "jiko lako lina moto mkali hatari." Wiki haijaisha sufuria zote ni nyeusi, kichwa kinamuuma kila akipika, na mtungi umekata mapema kuliko alivyozoea.

Kitundu chenyewe kinakaa kwenye kiskurubu kidogo cha shaba ya njano chini ya kila bana. Mafundi wanaita nozeli. Imegongwa namba usoni, na ile namba ni upana wa kitundu kwa mia za milimita: 50 ni nusu milimita. Kwenye majiko mengi ya Ulaya bana ndogo kabisa ya gesi ya mtungi inakuwa na namba 50 hivi, ile ya gesi asilia 72 hivi. Kwa macho utaona vinafanana. Kwa moto havifanani kabisa.

Habari njema ni kwamba huhitaji hata kufungua ili ujue. Geuza jiko, tafuta kibandiko nyuma, chini, au ndani ya mlango wa oveni. Ukiona G20 na 20 mbar, hilo limetegwa kwa gesi asilia. Ukiona G30 au G31, na 28-30 au 37 mbar, hilo ni la gesi ya mtungi. Mengine yanaandikwa zote, kwa sababu jiko linakubali kubadilishwa, na hapo ndipo unatazama namba za nozeli. Ya Japani yana utaratibu wao: 12A au 13A ni gesi ya mabomba ya mjini, LP ni ya mtungi. Kibandiko hicho ndiyo picha ya nne ambayo posti zetu hazina. Kama kimebanduka, usikisie. Fungua usome nozeli, au mpelekee fundi.

Kubadilisha nozeli ni kazi ya fundi wa majiko ya gesi. Si fundi wa friji, si fundi wa kila kitu. Na mwambie ageuze pia skrubu ya moto mdogo, ile iliyojificha ndani ya nafasi ya kitufe ukikichomoa. Wengi wanaisahau. Matokeo yake moto mkubwa unakuwa sawa, ila ukishusha ili wali ukauke, moto hautulii: labda ni mkubwa vilevile, labda unazimika. Na oveni ina nozeli yake ndani kabisa. Fundi akikwambia amemaliza, muulize "na ya oveni?" Utaona sura yake.

Hadi hapo ni kazi ya fundi. Kuutazama moto ni kazi yako muuzaji, na hii ukiizoea inakuchukua dakika kumi.

Washa bana moja moja, mahali penye hewa, ila pasiwe na upepo. Moto mzuri ni wa bluu, una koni ndogo ndogo zenye ncha, umekaa juu ya bana kama umegandishwa. Ukiwa na ncha za njano, hewa inayochanganyika na gesi ni kidogo, au kitundu ni kikubwa, au kuna uchafu. Ukiwa unanyanyuka, unaacha nafasi kati yake na bana na unalia kama upepo, basi hewa au presha imezidi. Majiko mengi ya mezani ya pleti mbili yana kisahani kwenye shingo ya bana, pale bomba linapoanzia, kinazunguka kufungua na kuziba tundu la hewa. Njano? Fungua kidogo. Unanyanyuka? Ziba kidogo. Kidogo maana yake kidogo, nusu ya upana wa kucha, halafu tazama tena. Majiko ya Ulaya mengi hayana kisahani hiki, kwa hiyo ukiona njano pale ujue tatizo ni nozeli, regulata au uchafu.

Na uchafu wa pwani yetu si wa mchezo. Hewa ya chumvi inakula bana na viungio, jiko likikaa stoo mvua moja tu ya masika unakuta kutu. Wadudu ndio wabaya zaidi. Buibui anapenda sana lile bomba la shingo ya bana, anajenga humo ndani utando wake, nyigu wa udongo naye anaziba kabisa. Jiko lililokaa miezi mitatu bila kuuzwa linarudi kwenye njano wakati mwezi wa kwanza lilikuwa bluu. Kwa hiyo ulilijaribu lini? Kama ni kabla ya mfungo na sasa ni msimu wa ufuta, jaribu tena. Bana ioshe kwa maji ya moto na sabuni, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha kabisa. Nozeli iloweke kwenye maji ya sabuni, ipulize. Usiingize sindano wala pini ya nywele! Shaba ni laini, sindano inapanua kitundu, na wewe mwenyewe umelitengeneza jiko la moto wa njano.

Kuna majiko yenye kijiti chembamba kando ya bana, kazi yake kukata gesi moto ukizimika. Ukiwasha, unashikilia kitufe sekunde kadhaa ndipo uachie. Moto ukizimika kila ukiachia, mara nyingi kile kijiti kina masizi au kimelegea. Kisafishe, kikazwe. Nimeona watu wanakifunga kwa waya au kukiondoa kabisa ili "lisisumbue mteja." Jamani. Huo ndio ulinzi pekee mteja alionao sufuria ya uji ikifurika na kuzima moto.

Basi, tuje kwenye hela, maana najua wengi mnasoma mkisubiri hapa.

Tuseme jiko umelichukua kwa 150,000 na unataka kuliuza 220,000. Nozeli, mpira mpya, klipu mbili na ufundi vikila 40,000, faida inabaki 30,000. Unaona umepigwa. Lakini hebu hesabu upande wa pili. Jiko lenye video ya moto wa bluu huliweki 220,000. Unaliweka 250,000 na una cha kujibu mtu akilia bei. Posti inakuwa hivi: "Jiko la pleti nne, mtumba wa Uingereza, limebadilishwa nozeli kuwa la gesi ya mtungi, mpira mpya, limejaribiwa leo, video ipo, oveni inafanya kazi, bana moja ina mkwaruzo." Hata ule mkwaruzo unakusaidia, maana mteja anaona huyu hafichi.

Watu wanasema wateja wetu wanaangalia bei tu. Sikubaliani. Wanaangalia bei kwa sababu kwenye posti hatukuwapa kitu kingine cha kuangalia. Na huku kwetu hela ina msimu. Ufuta ukiuzwa, kuanzia mwezi wa sita hivi, watu wana pesa ya kununua kitu cha maana, na kabla ya kununua wanaulizana: pale kwenye ghala la ushirika, kwenye foleni ya malipo, kwenye boda. "Lile jiko ulichukua kwa nani?" Swali hilo linaulizwa kwa sauti, na jibu lake hulioni kwenye komenti. Ukiharibu msimu mmoja, unaofuata wanapanda basi wenyewe mpaka Mbagala.

Mpira nisiuzungushe: mpira wa zamani usiuze. Kata, tupa. Una tarehe imechapwa pembeni, na India, ambako mamilioni ya nyumba yanapikia mtungi, watu wanaambiwa wabadilishe kila miaka mitano hata kama unaonekana mzima. Ukiukunja ukaona nyufa hata za nywele, hauna miaka mitano wala miwili, umekufa. Klipu iwe ya kukaza kwa bisibisi. Waya wa kufungia si klipu.

Regulata ina mtego wake. Yale majiko makubwa ya chuma ya mama lishe, ya moto unaonguruma, yanatumia regulata ya presha kubwa yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. Jiko la nyumbani linataka ya presha ndogo iliyotegwa moja kwa moja kiwandani. Mteja anayetoka kwenye jiko la chuma atataka kutumia regulata aliyonayo ili asinunue nyingine. Muulize kabla hujapokea hela: "Mama, regulata yako ni ya kuzungusha au ya kawaida?" Akisema ya kuzungusha, mwambie hapana, hata kama hiyo hapana itakukosesha mauzo.

Kuna na kitu kingine. Ukichambua kontena la vyombo vya Ulaya unaweza kukutana na hita ya gesi ya gari, zile zinazotolewa kwenye karavani, nyumba zao za kuvuta na gari. Boksi la bati, bana ndani, feni, matundu ya mabomba. Huku pwani nani anataka joto ndani ya gari? Ila wewe unauza mtandaoni, na mteja wa Makete au Njombe akiiona asubuhi ya mwezi wa saba atakuandikia. Hapa nasema wazi: kama haina mabomba yake yote, usiuze kama hita. Uza kama chuma chakavu. Hita hiyo inavuta hewa ya kuunguza kutoka nje ya gari kwa bomba moja na kutoa moshi nje kwa bomba jingine. Kinachoingia kwa abiria ni hewa safi iliyopashwa tu. Mtu akiifunga kienyeji bila bomba la moshi, anamwaga monoksidi ya kaboni ndani ya kibini iliyofungwa vioo, dereva amelala. Haina rangi wala harufu. Gesi ya mtungi inanuka kwa sababu imewekewa harufu makusudi ili uigundue, hiyo nyingine hakuna aliyeiwekea. Wajerumani wenyewe, wenye hita hizo, mifumo ya gesi ya karavani inakaguliwa kila baada ya miaka miwili, na regulata na mipira ina umri wa mwisho, hata kama bado inafanya kazi. Sisi tunaitoa kwenye kontena, tunaipangusa vumbi, tunaandika "inafanya kazi vizuri." Tumejuaje?

Kuhusu kutuma. Jiko peke yake linapanda basi bila shida. Mtungi wenye gesi usiutume kwenye buti la basi la abiria, hata kondakta akikubali, hata mteja akisisitiza anataka "seti nzima." Mtungi atanunua kwa wakala wa kwao. Na usimhamishie gesi kutoka mtungi wako kwenda wake ili kumsaidia, huo ni uvunjaji wa taratibu za EWURA na ni hatari kubwa kuliko yote niliyotaja hapa. Vifuniko vya bana na vyuma vya kuwekea sufuria vifunge kwa magazeti pembeni, visigongane na kioo.

Na jiko likishafika, jaribio lako la nyumbani limekwisha nguvu. Kutoka Dar mpaka huku limetikisika saa kadhaa, kiungio kilichokuwa kimekaza kinaweza kuwa kimelegea. Kwa hiyo usiandike "umepokea? asante, karibu tena." Mpigie kwa video. Afungue madirisha na mlango, aunganishe, vitufe vyote vya jiko vikiwa vimezimwa, afungue mtungi, achukue sabuni ya unga na maji kidogo, apake kwa sponji kuanzia kwenye regulata, mpira mzima, mpaka unapoingia kwenye jiko. Mwangalie yale mapovu pamoja. Yakitulia dakika moja bila kuvimba, mwambie sasa achukue kiberiti.